Asilimia za Daktari
Mkono uliokatwa na mashine ya kukoboa kahawa Bukoba una thamani gani? Sheria ya mwaka 1949 iliweka ukomo: ulemavu wa kudumu haukulipwa zaidi ya shilingi 108,000, hata shilingi yenyewe ilipokwisha kuporomoka. Sheria Namba 20 ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi 2015, ilibadili hesabu. Daktari hupima ulemavu kwa asilimia; Mfuko huamua. Ukizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Usipozidi, ni malipo ya mkupuo. Kwangu, mpaka huo kati ya 30 na 31 ni siasa iliyovaa koti jeupe. Naye mvuvi wa Muleba aliyejiajiri, asiye na mwajiri wa kumchangia, hana hata asilimia ya kubishania.