Kolwezi 1978: Siku Nane za Mei na Deni la Kumbukumbu

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 13 Mei 1978, wakazi wa Kolwezi waliamshwa na milio ya risasi. Siku hiyo hiyo mji na uwanja wake wa ndege vilianguka mikononi mwa wapiganaji wa kundi la waasi la FLNC, lililoongozwa na Nathanaël Mbumba. Walitoka Angola, wakapitia Zambia, wakaingia mkoa wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi za Rais Mobutu, Kongo ilipoitwa Zaire.

Wapiganaji hao hawakuwa wageni. Wengi walikuwa na asili huko huko, hasa miongoni mwa Walunda, na vita vyao vilianza zamani. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga na Kongo, akiungwa mkono na kampuni ya migodi ya Union Minière. Kolwezi ndiyo iliyokuwa ngome yake ya mwisho kabla ya kusalimu amri kwa Umoja wa Mataifa mnamo Januari 1963. Wanajeshi wake, waliojulikana kama majandarme wa Katanga, walikimbilia Angola, na ndio waliokuja kuunda FLNC. Mwaka 1977 FLNC ilijaribu kurudi kwa nguvu, ikazuiwa kwa msaada wa askari wa Moroko waliosafirishwa na ndege za Ufaransa. Mwaka uliofuata haikuja waziwazi. Ililenga moja kwa moja moyo wa Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya Union Minière.

Tarehe 16 Mei Mobutu aliwashusha askari wa miavuli juu ya mji. Wengi wao waliuawa. Kikosi kingine, chini ya Meja Mahele, kilikuja kwa barabara, kikautwaa uwanja wa ndege na kuushikilia. Alasiri ya tarehe 19, wanajeshi wapatao 400 wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, wakiongozwa na Kanali Philippe Erulin, waliruka kutoka ndege zilizojaa kupita kiasi. Miavuli waliyokopeshwa ilikuwa ya Kimarekani na haikulingana na vifaa vyao, hivyo mizigo ilibidi ifungwe kwa njia za kubahatisha. Walitua kwenye majani marefu pembeni mwa mji, wakaingia mtaa kwa mtaa. Kesho yake Wabelgiji walitua uwanja wa ndege, wakaanza kuwahamisha Wazungu zaidi ya 2,000. Wapiganaji wa FLNC waliondoka kurudi walikotoka.

Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, wengi wakiwa raia wasio na silaha. Katika nyumba moja ya mtaa wa P2 baadhi yao walikutwa wameuawa kwa pamoja. Waafrika waliokufa ni mamia. Baada ya hapo raia wa Kolwezi walibaki kati ya hofu mbili: waasi waliowatuhumu kumtumikia Mobutu, na jeshi la serikali lililowatuhumu kuwaficha waasi.

Kishindo cha mapigano hayo kilifika mbali. Zaire ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayohitajika kwenye injini za ndege. Ilipofika mwaka 1979 bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Mwezi Juni 1978 majeshi ya Moroko, Senegali, Togo na nchi nyingine za Afrika yalipelekwa kulinda mkoa. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Neto wa Angola alikwenda Kinshasa kupatana na Mobutu.

Ufaransa iliitolea operesheni ile filamu mwaka 1980, na majina ya wanajeshi wake watano waliokufa yanajulikana. Waafrika waliokufa Manika, sehemu ya mji wa Kolwezi, na kwenye kambi za wafanyakazi hawajapata heshima kama hiyo. Historia inayowataja waokoaji na kuwaacha wenye mji ni nusu ya historia. Leo Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, na kobalti yake inagombewa upya kwa ajili ya betri za magari. Wazee walioishi Mei ile wanazidi kupungua. Mashule, makanisa na redio za Kolwezi ziwatafute sasa, ziandike majina ya waliokufa pamoja na mitaa yao, kabla mashahidi hawajaisha.