Mavuno ya Pango

Muulize kijana wa Nzega anayejenga vyumba vya kupangisha mradi wake unalipaje, atakujibu kwa kodi: vyumba sita, kila kimoja elfu thelathini, laki na themanini kwa mwezi. Hesabu ni sahihi, ila ni nusu. Haijasema laki na themanini hiyo imetoka kwenye milioni ngapi zilizofukiwa katika msingi, tofali na bati, wala italipwa miezi mingapi ya mwaka. Kodi ya mwaka mzima ikigawanywa kwa gharama yote ya kiwanja na nyumba, halafu ikatajwa kwa asilimia, ndiyo Waingereza wanaita rental yield. Kwa Kiswahili kila mwandishi wa mambo ya fedha ana jina lake, na mengine yanapotosha.

Wapo wanaosema marejesho. Kwa msomaji wa Tanzania, hasa aliyepita kwenye vikundi vya kukopeshana vya VICOBA au mikopo ya kausha damu, marejesho ni fedha unayomrudishia aliyekukopesha. Ukimwambia nyumba ina marejesho makubwa, atakimbia, na atakuwa na haki. Wapo wanaosema faida, lakini faida ni kinachobaki baada ya gharama, na watu huitaja kwa shilingi. Pato la pango nalo ni shilingi tupu. Tija lina sauti ya semina, na sijawahi kumsikia dalali akilitamka.

Mimi nachagua mavuno ya pango. Hata hilo neno la Kiingereza, yield, hutumika shambani na benki vilevile, na mkulima wa mpunga wa Nzega analijua jambo lenyewe bila kufundishwa. Akisema amepata gunia arobaini, swali linalofuata ni la ekari. Gunia arobaini kwa ekari mbili ni sifa, kwa ekari kumi ni msiba. Kodi ni gunia, na fedha uliyoweka ndiyo ekari. Neno mavuno linakumbusha pia kwamba kuna mwaka wa mvua na mwaka wa jua kali, jambo ambalo asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi hulificha.

Pango lenyewe lina mkosi wa kufanana na lile la popo, lakini nalitetea. Kodi inafanya kazi mbili: tunamlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba anailipa serikali kodi kutokana na ile kodi. Mwandishi akijizoeza kuiachia serikali neno kodi na kumwachia mwenye nyumba neno pango, sentensi zake zitapumua. Mtaani watu wataendelea kusema kodi, na hakuna ubaya.

Kwa nini lugha iliyokomaa kiasi hiki ina upungufu hapa? Nadhani historia inajibu sehemu kubwa. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, nyumba iliingia katika msamiati wa fedha kama kitu cha kudaiwa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa chama tawala, TANU, au wa serikali kumiliki nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakaenda chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti ya uongozi mwaka 1991, tulikuwa na kizazi kizima kilicholelewa kuamini kwamba anayeishi kwa pango ni mnyonyaji. Watu walijenga na kupangisha hata hivyo, lakini kimyakimya, na jambo linalofanywa kimyakimya halitungiwi istilahi.

Sasa twende Lusu, wilayani Nzega, kwa sababu hapo ndipo istilahi inapopata meno. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulianza uzalishaji mwishoni mwa 1998, kabla ya migodi ya Geita na Bulyanhulu. Ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa tangu Tanzania ifungulie milango uwekezaji kwenye madini. Shughuli zake zilikoma miaka 15 hivi baadaye, kati ya 2013 na 2014. Mgodi wa namna hiyo huja na mafundi, walinzi, madereva, wapishi, wauza chakula na wote wanaofuata mishahara ya hao. Kila mmoja anahitaji pa kulala. Aliyejenga vyumba mwaka 2000 alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kuvuna. Aliyesubiri akaona wenzake wananeemeka, akajenga mwaka 2011, alipata misimu miwili mitatu. Nyumba zao zinaweza kufanana kwa kila tofali na pango lao likawa sawasawa, lakini mavuno yao ni mbingu na ardhi.

Na kutegemea wageni si jambo jipya mkoani Tabora, ilipo Nzega. Mji wa Tabora wa enzi za misafara uliishi kwa wapita njia. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo vilifunga njia ya Ujiji, na msafiri Stanley akakwama Kwihara, karibu na mji huo, kwa miezi. Mmisionari Livingstone naye alikaa hapo hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Wale walikaa kwenye tembe kwa ukarimu wa wenyeji, pango halikuwepo. Lakini idadi ya wageni wa mji iliamuliwa na vita, mvua na bei ya pembe za ndovu huko Unguja, mambo ambayo mwenye tembe hakuwa na kauli juu yake. Leo wageni wa Nzega ni wanaotumia barabara ya Singida kwenda Mwanza na Rwanda, ni wachimbaji wadogo, ni wafanyakazi wa mradi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Isaka ambao mkataba wake ulisainiwa 2022. Mradi una tarehe ya kuisha. Mwalimu na muuguzi wa serikali wanalipa kidogo kuliko fundi wa mradi, ila wakihamishwa huja wengine mahali pao.

Hapo ndipo tunahitaji vivumishi viwili, ghafi na halisi, ambavyo wahasibu wetu tayari wanavyo. Chukua mfano wa kubuni: kiwanja na nyumba ya vyumba sita vimekula milioni 33. Vyumba vyote vikikaa watu mwaka mzima kwa elfu thelathini, pango ni 2,160,000. Mavuno ghafi ni asilimia 6.5. Sasa vyumba viwili vikae wazi nusu mwaka: toa 360,000. Ukarabati wa choo, rangi na bati, tuseme 200,000. Kodi ya majengo ni 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja, kwa kiwango cha tangu 2023, na inakatwa kidogokidogo kwenye LUKU. (Kwa hiyo ni mpangaji anayeilipa akinunua umeme, ingawa deni ni la mwenye nyumba, mwenye nyumba muungwana humpunguzia kwenye pango, na ugomvi wa mita ya kushea huanzia hapo.) Kinachobaki ni 1,582,000, na mavuno halisi ni asilimia 4.8. Bado hatujagusa kodi ya mapato, wala ile kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo mpangaji wa fremu mwenye biashara hukata kabla hajakulipa.

Asilimia 4.8 peke yake haisemi kitu mpaka iwekwe kando ya nyingine. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95, na riba ya hatifungani ya muda mrefu kama hiyo haikatwi kodi. Viwango vilishushwa mwaka uliofuata, lakini hata hivyo vilibaki juu kabisa ya chumba cha Nzega. Kuingia huko unahitaji kuanzia shilingi milioni moja, na hatifungani haivuji mvua ikinyesha. Nyumba inajitetea kwa mambo mawili: kiwanja kinaweza kupanda bei, na pango linaweza kupandishwa, wakati riba ya hatifungani imefungwa. Utetezi huo una nguvu kando ya barabara kuu mjini. Mahali panapotegemea shimo moja la dhahabu, una nguvu ndogo.

Anayekopa benki kwa riba ya karibu asilimia 15 ili ajenge nyumba yenye mavuno halisi ya asilimia tano, anaifanyia benki kazi. Ndiyo maana vijana wengi hujenga chumba kimoja kimoja, boma likae hata miaka mitatu likisubiri bati. Wataalamu huwacheka. Mimi siwacheki, mradi wakumbuke kwamba boma halivuni chochote, na miaka hiyo mitatu nayo iingie kwenye hesabu. Na kama kiwanja ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ridhaa ya halmashauri ya kijiji ni ya lazima. Karatasi ya mauzo iliyoandikwa kati ya watu wawili chini ya mwembe haitoshi, hata ikiwa na mashahidi kumi.

Limebaki jambo la pango la miezi sita. Tangu sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kumekuwa desturi. Mwenye nyumba mpya akishika 180,000 za chumba kimoja huziona kama mavuno, akanunua pikipiki. Ni fedha ya miezi ambayo bado haijafika. Mpangaji akiondoka mwezi wa saba na chumba kikakaa wazi hadi Desemba, pango la chumba hicho kwa mwaka ni zile laki na themanini za mwanzo, na chumba ni kile kile alichokigharamia milioni tano na nusu.