Ibn Battuta na Bandari za Pwani

Mtu asimamaye Kiyovu, ubavuni mwa kilima cha Nyarugenge mjini Kigali, haoni mlingoti wala tanga, kwani bahari i mbali naye zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo Waislamu wa mji huu walipewa tangu mwanzo jina la watu wa pwani, wakaitwa Waswahili. Na mengi katika desturi zao hayafahamiki vema pasipo kuzitazama bandari ambamo dini na lugha hiyo vilipita kabla ya kupanda bara.

Shahidi mkubwa wa maisha ya bandari hizo ni Ibn Battuta, mwanachuoni aliyezaliwa Tangier, nchini Moroko, mwaka 1304. Yapata mwaka 1331 aliondoka Aden kwa jahazi, akafika Zeila baada ya siku 4. Mji ule hakuupenda. Alisimulia kuwa ulinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona heri kulala chomboni, ijapokuwa bahari ilichafuka, kuliko kulala mjini. Msafiri asiyeficha uvundo huaminiwa zaidi asifupo manukato.

Kutoka hapo alisafiri masiku 15 hadi Mogadishu, na huko ndiko alikoona jambo ambalo hakulisahau. Jahazi lilipotia nanga, mashua ndogo ziitwazo sambuki zililijia, na ndani ya kila mashua walikuwamo vijana wa mjini, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana hupanda jahazini, humpa mfanya biashara mmoja sahani ile, na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Basi mfanya biashara hashukii penginepo ila nyumbani kwa kijana yule, isipokuwa mtu aliyekwisha kuujua mji na wenyeji wake. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia ahitajiyo. Na mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara ile huhesabiwa kuwa batili. Walipoambiwa kwamba Ibn Battuta si mfanya biashara bali ni mwanachuoni, vijana waliitana wakasema huyu ni mgeni wa kadhi. Na kadhi mwenyewe alimpokea pwani pamoja na wanafunzi wake. Alilishwa wali wa samli wenye vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili pamoja na tangawizi na maembe. Haikuwa ukarimu mtupu, kwani mwenyeji naye alipata faida yake. Lakini faida ile ilifungwa na wajibu wa kumlinda mgeni.

Mombasa alikaa usiku mmoja tu. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na penye kila mlango wa msikiti kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mrefu. Watu walikwenda miguu mitupu, nao waliosha miguu na kuipangusa kwa mkeka mnene kabla ya kuingia.

Kilwa aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akasema imejengwa kwa mbao, ingawa magofu ya Msikiti Mkuu yaonyesha kuwa kazi ya mawe ilikwisha kuwapo. Labda kumbukumbu ilimpotea, kwani safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye. Alimsifu pia Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyemvulia fakiri nguo zake mwenyewe. Ila habari hiyo ina upande wa pili, nao haufai kurukwa: zawadi alizoongezewa fakiri yule zilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Majahazi yaliyongoja kusi ili yarudi Arabuni yalibeba watu pia.

Rwanda ilijilinda na biashara hiyo. Katika karne ya 19 wafalme wake hawakuwaruhusu wafanya biashara wa pwani kuingia watakavyo. Waislamu waliingia kwa wingi chini ya Wajerumani, wakiwa askari, makarani, wapagazi na wachuuzi, hasa baada ya Richard Kandt kuanzisha makao yake Kigali mwaka 1907. Msikiti wa kwanza ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Wabelgiji walipotawala, Waswahili walitengewa mtaa wao Biryogo, wakahesabiwa wageni hata wale waliozaliwa papo hapo. Hivyo watu ambao pwani wangalikuwa wenyeji wa kupokea majahazi, huku walikuwa wao wenyewe wageni wasio na mwenyeji.

Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wengi waliowindwa walikimbilia mitaa hiyo hiyo. Si kila Mwislamu aliyewapokea, na wako walioshiriki katika maovu. Lakini wako waliofungua milango Biryogo na Nyamirambo, wakawaficha watu wasiowajua majina, wakawalisha, na kuwakatalia wauaji waliokuja kuwadai.