Faranga, Hisa na Mipaka: Safari ya Mtaji kutoka Bujumbura

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayetaka kununua hisa za Benki ya CRDB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: atapata wapi fedha zinazokubalika upande wa pili? Ana faranga, lakini muuza hisa anataka shilingi, na kati ya hizo mbili husimama dola. Wengi husema kwamba kizuizi ni mpaka wa nchi au ukali wa sheria. Insha hii inajaribu kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kizuizi kikubwa zaidi ni uhaba wa fedha za kigeni, na kwamba mpaka wa fedha tunaouona leo ulichorwa juzi tu.

Kwanza tueleze jinsi fedha nyingi zinavyohamishwa. Faranga zenyewe hazisafiri. Mnunuzi hulipa faranga katika benki yake. Benki hiyo nayo inapaswa kuwa na akiba ya dola au yuro katika benki nyingine ya nje. Hutumwa ujumbe wa malipo, akiba ya benki ya Bujumbura hupunguzwa, na ya dalali wa hisa huongezwa. Kama benki haina akiba hiyo nje, basi mteja mwenye mamilioni na mteja mwenye elfu kumi wote wawili wamekwama. Kibali bila dola hakimfikishi mtu popote.

Haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa Wajerumani, Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, ulikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Fedha ya koloni ilikuwa rupie, ambayo kuanzia mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100. Rupie 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Mfanyabiashara wa Usumbura aliyemlipa mwenzake wa Dar es Salaam hakuhitaji kubadilisha fedha. Hata hivyo, hisa za kampuni kubwa za koloni zilikuwa mikononi mwa watu wa Ulaya. Fedha ilikuwa moja, lakini wenye mali hawakuwa wenyeji.

Wabelgiji waliingia Usumbura mwaka 1916. Polepole faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya rupie, na sheria ya mwaka 1925 ikaunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na Kongo ya Kibelgiji. Sasa mji uligeuza uso: badala ya kutazama bahari ya Hindi, ukatazama Léopoldville na Brussels. Ndani ya eneo hilo mtaji ulitembea kwa urahisi. Mfano ni kiwanda cha bia cha Brarudi, kilichoanzishwa Usumbura mwaka 1955 kwa mtaji wa nje. Mkulima aliyeuza kahawa yake alilipwa faranga ileile iliyotumiwa na mwenye hisa, lakini hakuwa na akiba, benki wala dalali wa kumfikisha huko. Kwa hiyo tusiutamani wakati ule kana kwamba ulikuwa wa uhuru. Mlango ulikuwa wazi kwa wachache.

Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya mwaka 1960 na 1964. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Ruanda-Urundi ilipewa benki yake ya kutoa fedha. Burundi na Rwanda zikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini ziliendelea kutumia faranga moja kwa muda mfupi. Mwaka 1964 ushirikiano huo ulivunjika, na Burundi ikawa na benki kuu yake pamoja na faranga yake. Tuone maana yake: katika miaka minne tu, malipo ya kwenda Léopoldville, kisha ya kwenda Kigali, yaligeuka kuwa malipo ya nje. Barabara hazikubadilika. Kilichobadilika ni fedha.

Majirani zetu wa mashariki walipitia jambo kama hilo. Mkazi wa Kampala au Arusha aliweza kununua hisa Nairobi, ambako soko la hisa lilianza mwaka 1954, kwa shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila moja ilikuwa ikidhibiti fedha zinazokwenda kwa jirani.

Nchi iliyobaki na fedha yake peke yake huishi kwa kile inachouza nje. Kwa Burundi hicho kilikuwa hasa kahawa, halafu chai. Mwaka 1989 mgawanyo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka. Kisha vikaja vita, na baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Mwaka 2016, baada ya mgogoro wa 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali. Kila pigo lilipunguza dola katika akiba ya taifa.

Katikati ya misukosuko hiyo, Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inataka vikwazo dhidi ya mtaji unaovuka mipaka viondolewe. Mwaka 2012 KCB ya Kenya na CRDB ya Tanzania zilifungua benki tanzu Bujumbura. Zote mbili ni kampuni ambazo hisa zake huuzwa sokoni kwao. Mwaka 2014 Tanzania nayo iliondoa ukomo wa asilimia 60 wa hisa ambazo wageni waliruhusiwa kumiliki katika kampuni zilizo sokoni. Hivyo mwenye hisa wa Mwanza au Arusha anaweza kupata gawio kutokana na faida iliyopatikana Bujumbura. Mteja wa Bujumbura anayeweka akiba yake katika benki hiyohiyo anaona ugumu kuwa mmoja wa wenye benki.

Gharama ya ugumu huo ilionekana wazi mwaka 2023. Maduka ya kubadilisha fedha yalikuwa yamefungwa mwaka 2020 na kufunguliwa tena mwaka 2022. Mwezi Mei 2023 bei rasmi ya dola ilipandishwa kwa takriban asilimia 38. Akiba ya faranga iliyokuwa na thamani ya dola 100 jana yake ikabaki na thamani ya dola kama 72. Mwenye mali nje ya nchi hakuguswa hivyo. Mwalimu au mchuuzi wa Buyenzi aliyekuwa na faranga tu ndiye aliyepoteza.

Wengine watajibu kwamba benki kuu haina budi kuzuia. Hoja hiyo ina uzito. Dola zikiwa chache, ni vigumu kuzitoa kwa ajili ya hisa wakati magari yanapanga foleni ya petroli na hospitali zinasubiri dawa. Lakini kuzuia hakuwazuii wote sawasawa. Mwenye jamaa ughaibuni au mwenye njia ya soko la magendo hupitisha mali yake. Asiye nazo hubaki.

Kwa kuhitimisha, historia inatufundisha mambo mawili. Eneo moja la fedha peke yake halimpi mwananchi umiliki, kama rupie na faranga ya Kongo zilivyoonyesha. Vilevile itifaki peke yake haitoshi pale ambapo mauzo ya nje ni haba. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, nchi zilizotumia rupie na zile zilizotumia faranga ya Kongo zimo katika chombo kimoja, na Bujumbura iko katikati yake. Kazi iliyobaki ni kuuza zaidi, ili mwenye akiba ndogo naye aweze kununua.