Jinsi Mwanadamu Alivyojifunza Kuunga Ukano

Msomaji, inama uguse nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utapapasa kamba ngumu iliyonyoka. Huo ni ukano, na kazi yake ni kuunganisha msuli na mfupa. Msuli ukijivuta, ukano huuvuta mfupa, nawe hupiga hatua. Ukano ukikatika, msuli haukufai kitu, hata ukiwa na nguvu namna gani. Kwa hiyo yafaa ujue jinsi wanadamu walivyohangaika kuiunga kamba hii.

Zamani matabibu wengi waliogopa kuishona. Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka wa 129 na kuwatibu wapiganaji wa michezo ya Warumi, alifundisha kwamba ndani ya ukano mna mshipa wa fahamu, na kwamba ukichomwa, mgonjwa aweza kushikwa na mtukutiko. Katika Kiyunani cha kale neno moja, neuron, lilitumika kwa vyote viwili. Wanahistoria wengi humtaja Ibn Sina (980–1037) kuwa alishauri kano zishonwe, lakini katika Ulaya hofu haikutoka upesi. Mwaka wa 1752, huko Göttingen, Albrecht von Haller alieleza majaribio yake: alizichoma na kuzikata kano za wanyama, wala hawakuonyesha dalili ya maumivu.

Hofu ilipopungua, swali likawa ni uzi. Mwaka wa 1869 Joseph Lister wa Glasgow alitangaza kwamba alikuwa amefunga mshipa wa damu wa ndama kwa uzi wa utumbo uliotiwa dawa ya kuua vijidudu. Baadaye alikuta kwamba jeraha halikuoza, na mahali pa uzi palikuwa na nyama hai. Kumbe kitu cha kigeni chaweza kuingia mwilini, kikafanya kazi yake, kisha kikaupisha mwili.

Lakini funzo hilo halikushikwa na wote. Wengine walitafuta kitu chenye nguvu kisichooza. Mwaka wa 1977 madaktari wa Cardiff, katika Wales, walieleza jinsi nyuzi za kaboni zilivyoweza kuongoza ukano mpya kuota. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini baadaye ilionekana kwamba nyuzi hizo huvunjika, na vipande vyake hutawanyika katika viungo. Nguvu peke yake haikutosha.

Mwaka wa 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti walieleza kwa mapana elimu ya kuotesha nyama za mwili. Wewe umemwona mwashi akifunga jukwaa la miti ili ajenge ukuta, kisha akalifungua. Ndivyo wataalamu wafanyavyo sasa: hutengeneza nyuzi za hariri, au za kolajeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ukano wenyewe. Huzilaza upande mmoja, ili chembe hai zizifuate na kusuka ukano mpya, na nyuzi ziyeyuke polepole.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Ukano una chembe hai chache na damu kidogo, hupona polepole, na mara nyingi huacha kovu lisilofikia nguvu ya kwanza. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.

Basi usimcheke Galen, kwani alisema alivyoona. Walaumiwe waliomsoma karne nyingi wasijaribu, hali wagonjwa wao walikuwa wakichechemea mbele ya macho yao.