Kibali cha Kuishi na Shamba Lililobaki: Wahanga wa 1972 wa Rumonge

Ziko nchi ambazo sheria zake humpa mgeni ruhusa ya kuishi kwa sababu amefanyiwa uhalifu. Inayotajwa sana ni sheria ya Marekani ya Oktoba 2000, iliyoanzisha viza aina ya U. Anayeiomba sharti awe ameumizwa na uhalifu uliovunja sheria za Marekani, tena alete karatasi iliyotiwa saini na polisi, mwendesha mashtaka au chombo kingine cha sheria, kuthibitisha kwamba anasaidia upelelezi. Sheria hiyo imejengwa juu ya imani moja: kwamba dola iko upande wa aliyeumizwa. Historia ya Rumonge inatuuliza swali gumu zaidi. Ikiwa dola yenyewe ndiyo iliyoua, nani atatia saini?

Mji wa Rumonge uko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, katika uwanda wa Imbo wenye michikichi na wavuvi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waliua Watutsi wengi, na hata Wahutu waliokataa kujiunga nao. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kudumu kwa miezi. Walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali na wafanyabiashara wa Kihutu walikamatwa kwa orodha, na wengi hawakurudi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Watu wa ufukweni walikimbia, wengine kwa mitumbwi kuvuka hadi Kongo, wengine kwa miguu kupita Nyanza-Lac kuelekea Kigoma.

Tanzania haikumtaka kila mmoja athibitishe peke yake kilichompata. Iliwapokea kwa jumla, kama kundi linalokimbia hatari inayojulikana. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972, Katumba 1973 na Mishamo 1978. Huko walipewa ardhi ya kulima, na baada ya miaka michache wengi walijitegemea kwa chakula. Kwa hiyo jibu la kwanza la swali letu ni hili: pale ambapo dola ya nyumbani haiwezi kuaminiwa kutia saini, jirani alikubali ushahidi wa miguu iliyotembea na watoto waliobebwa mgongoni.

Lakini kibali cha kukaa ugenini hakisimamishi saa nyumbani. Mashamba ya Rumonge na Nyanza-Lac hayakubaki matupu. Mengine yaligawiwa watu wengine na wakuu wa serikali, mengine yakaingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi, mengine yakauzwa mara mbili au tatu. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikatambua haki ya aliyekalia ardhi kwa miaka 30. Tukihesabu kutoka 1972 tunafika 2002, wakati wenyewe wengi wangali Tanzania. Kila mwaka uliomlinda mkimbizi upande mmoja wa mpaka ulimpa nguvu mkaaji mpya upande wa pili.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulijaribu kurekebisha hilo. Ulisema wakimbizi warudishiwe mali zao, hasa ardhi, na isipowezekana walipwe fidia. Baada yake njia tatu zilifunguka. Ya kwanza ilikuwa Marekani. Mwaka 2006 nchi hiyo ilikubali kuwafikiria watu wapatao 10,000 wa kundi la 1972 waliokuwa kambini Tanzania, wengi wao wakiwa wamekimbia zaidi ya mara moja, kwanza kwenda Rwanda au Kongo, kisha kufukuzwa tena na vita vya miaka ya 1990. Ya pili ilikuwa uraia wa tajnisi wa Tanzania. Katika makazi yale matatu, watu wanne kati ya watano waliuchagua, na mwaka 2010 takriban 162,000 walikubaliwa, ingawa vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Ya tatu ilikuwa kurudi.

Waliorudi Rumonge walikuta nyumba za watu juu ya misingi ya nyumba zao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, mwanzoni ilipendelea kugawa shamba nusu kwa nusu. Kuanzia mwaka 2011, chini ya uongozi mpya, ilielekea kumrudishia mkimbizi shamba zima, na aliyelinunua kwa nia njema akajikuta naye nje. Wasio na pa kwenda walipelekwa katika vijiji vipya kama Mutambara. Jeraha la mmoja lilitaka kuponywa kwa kumjeruhi mwingine.

Ndiyo maana tusichanganye kibali na haki. Kibali humtoa mhanga mikononi mwa aliyemdhulumu, na Tanzania inastahili shukrani kwa hilo. Haki humtafuta mdhalimu, huandika majina ya waliokufa na humrudishia mtu kilicho chake au fidia yake. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza mwaka 2021 kwamba yaliyotendewa Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa karibu miaka 50 imepita. Mtoto aliyevushwa ziwa mgongoni mwa mama yake alikuwa sasa mzee, pengine raia wa Tanzania au Marekani. Karatasi za ugenini zilikuwa zimemjibu mapema kuliko nchi yake, lakini hakuna hata moja iliyoweza kumwambia nani atamlipa shamba lake la michikichi.