Karatasi Iliyokwama Ghorofani

Historia ya kompyuta tunayosimuliwa kila siku ni ya matajiri: fulani alianzia kwenye gereji, fulani leo ni bilionea. Sawa, hongera zao. Mimi nina historia nyingine, ya mashine kuukuu na watu waliokataa kuzizika. Hiyo inaanza na karatasi iliyokwama.

Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Kwa kasi ilikuwa moto wa kuotea mbali, ila ilikuwa na ugonjwa wa kukwamisha karatasi, na wengi wa waliokuwa wakiitumia walikaa ghorofa nyingine. Unatuma kazi yako, unasubiri weee, unakwenda kuichukua, unakuta mashine imegoma zamani na hakuna aliyejua. Richard Stallman, mwandishi wa programu katika maabara hiyo, alikwisha kuutibu ugonjwa huo kwenye printa iliyotangulia. Chuma chenyewe hakukigusa. Aliongeza mistari kadhaa kwenye programu, printa ikikwama wenye kazi zao wakapata ujumbe kwenye skrini: nendeni mkaitazame. Akataka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya. Wapi! Programu ililetwa ikiwa imefungwa, inasomeka na mashine tu, binadamu hapati kitu. Akasikia kwamba bwana mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anayo maandishi yake. Akamfuata mpaka ofisini. Yule bwana akamjibu kwamba ameahidi kutompa mtu yeyote.

Wengi tungesonya tukarudi nyumbani. Stallman aliondoka na hasira, na hasira ile ikawa kazi. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 mfumo huo ulikuwa bado haujapata kiini chake, ndipo Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 jijini Helsinki, Finland, akatangaza tarehe 25 Agosti kwamba anaandika kimoja, kwa kujifurahisha tu. Kompyuta yake ilikuwa ya prosesa ya 386 yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, na alikuwa akiilipia kidogo kidogo. Mwaka 1992 akakiweka kiini hicho chini ya leseni ya GNU. Ndiyo Linux hiyo.

Sasa turudi kwenye printa, maana hapa ndipo penye utamu. Printa nayo ina lugha. Epson MX-80 ya mwaka 1980, yenye kichwa cha pini 9, ilikuwa na lugha rahisi: ukiitumia herufi A, inapiga A. Apple LaserWriter ya mwaka 1985 ilisema lugha ya PostScript, na ndani yake ilikuwa na ubongo wa kuchora ukurasa mzima yenyewe. Iliuzwa dola 6,995, bei ya kukimbiza watu. Mwaka 1988 L. Peter Deutsch akatoa Ghostscript, mkalimani anayeusoma ukurasa wa PostScript na kuutafsiria printa duni isiyojua lugha hiyo. Mwaka 1999 Michael Sweet akatoa CUPS, programu ya kuzipanga kazi foleni na kuzipeleka kwa printa. Hiyo ilikuwa nzuri kiasi kwamba Apple wenyewe, na utajiri wao, waliichukua mwaka 2002.

Lakini miaka ya tisini viwanda vilikwisha buni ujanja mwingine. Waliunguza gharama kwa kuutoa ubongo ndani ya printa: kazi yote ya kuchora ukurasa ikahamia kwenye kompyuta, tena ile yenye Windows, na lugha ya mashine ikawa siri. Matokeo yake ni kichekesho. Printa ya mwaka 1985 inaamka leo kwa kebo tu, ilhali ya mwaka 1998, nzima, inang'aa, inatupwa kwa sababu draiva yake imeachwa nyuma na Windows mpya. Hata HP LaserJet 1020, ambayo ukizunguka maofisini mjini utakutana nayo, ukiizima inasahau kila kitu. Sharti ipelekewe programu yake upya kila inapowashwa. Wapo waliokaa usiku wakichungulia ni nini hasa Windows inaiambia, kisha wakaandika draiva ya Linux bila kupewa hata karatasi moja ya maelezo. Kwangu mimi hao ni wanahistoria. Wamesoma lugha ambayo wenyewe waliizika.

Mwandishi wa riwaya haya yananihusu nini? Yananihusu sana. Mswada wangu una kurasa 212, na stesheneri wanatoza kwa ukurasa. Kila nikibadili sura moja, ni pesa upya. Nyumbani nina Pentium III ya mtumba yenye antiX, mfumo mwepesi wa Linux unaoendelezwa kutoka Ugiriki. Nyuma yake ina lile tundu pana la pini 25 ambalo kompyuta mpya hazina tena, nalo ndilo analolitaka Epson LX-300 wangu. Vizee vinatafutana! Usiku inapiga kelele kama cherehani, majirani wanalalamika, lakini sura inatoka.

Mifumo hii myepesi haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, inayopakia vitu vyake vyote kwenye kumbukumbu ili diski mbovu isikusumbue. Kulikuwa pia na Damn Small Linux, iliyobanwa ikaenea ndani ya megabaiti 50, ikaweza kuendesha mashine ya 486. Na sisi hatukukaa kando: mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kishujaa, na nadhani haijapata sifa zake.

Ila tusidanganyane. Wepesi nao unanenepa. Damn Small Linux ilipofufuliwa mwaka 2024, ilihitaji karibu megabaiti 700. Desemba 2012 kiini cha Linux kiliondolewa uwezo wa kuendesha 386, yaani kompyuta ile ile ya Helsinki iliyokizaa haiwezi tena kukiwasha. Agosti 2025 Debian, mama wa mifumo mingi ya aina hii, ilitoa toleo la 13 bila kisakinishi cha kompyuta za biti 32, na Pentium III yangu ni mojawapo. Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Oktoba, Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, na ofisi nyingi zitauza mashine ambazo hazina hata mkwaruzo. Hizo ni za biti 64. Tundu la pini 25 nyingi hazina, kwa hiyo ukinunua moja, ulizia na kebo ya kubadilisha kutoka USB, tena uijaribu pale pale dukani kabla hujatoa pesa.